Rapa Nui: aliyekata mti wa mwisho alikuwa anawaza nini?

#1 Kichwa Ngumu
Wakuu, heshima kwenu.

Kuna kisiwa katika Bahari ya Pasifiki kinaitwa Rapa Nui. Wazungu walikiita kisiwa cha Pasaka kwa sababu Mholanzi Jacob Roggeveen alikifikia Jumapili ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1722. Ukubwa wake ni kilomita za mraba kama 164 tu, yaani Unguja inakimeza mara kumi. Jirani wa karibu mwenye watu ni Pitcairn, kilomita 2,000 hivi upande wa magharibi. Ukielekea mashariki hukutani na ardhi kubwa mpaka pwani ya Chile, kilomita 3,500 na ushee.

Kwenye hicho kipande cha ardhi, watu walichonga sanamu za mawe karibu 1,000, zinaitwa moai. Nyingine zina urefu wa nyumba ya ghorofa tatu. Na kisiwa kilikuwa na msitu wa michikichi mikubwa kabisa, leo aina hiyo haipo tena duniani.

Hoja yangu: hawa watu walijimaliza. Walikata miti ili kuburuta sanamu, mvua ikala udongo, mbao za mitumbwi zikakosekana, samaki wa kina kirefu wakawa ndoto, wakaanza kuuana na kulana. Sasa nauliza: yule aliyeshika tezo la jiwe mbele ya mti wa mwisho alikuwa anawaza nini?

Mods naomba msiuunganishe na uzi wa piramidi.

#2 Kobelo
Nimekaa paleee nasubiri wajuvi.

#3 Mama Mwali
Alikuwa anawaza apike nini jioni. Wanaume mnapenda kuuliza maswali ya falsafa kuhusu miti kama vile chakula kinaivishwa kwa maneno.

#4 Mjukuu wa Pangani
Mtoa mada, "walijimaliza" maana yake hawapo. Wapo. Sensa ya 2017 ilihesabu wakazi zaidi ya 7,000 kisiwani, na sehemu kubwa ni Warapanui wenyewe, wanazungumza lugha yao pamoja na Kihispania.

Aliyekaribia kuwamaliza anajulikana kwa tarehe. Desemba 1862 meli za wakamata watumwa kutoka Peru zilitia nanga pale. Kati ya mwisho wa mwaka ule na miezi ya mwanzo ya 1863 walibeba watu wapatao 1,400 hadi 1,500. Wakati huo soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado linafanya kazi, miaka kumi kabla halijafungwa, kwa hiyo wajukuu wa pwani hii tunaelewa tunachokizungumza. Walichukuliwa machifu, makuhani, watu waliojua kusoma maandishi ya kisiwa. Askofu wa Tahiti na serikali ya Ufaransa wakapiga kelele, Peru ikakubali kuwarudisha. Wengi walikuwa wameshakufa, wengine wakafia njiani. Waliofika nyumbani hawakuzidi 15 hivi, na walishuka na ndui. Kifua kikuu kikafuata. Mwaka 1877 walihesabiwa watu 111 kisiwa kizima.

Mia moja na kumi na moja. Hilo ndilo anguko lenye ushahidi wa maandishi. Hiyo habari ya kulana ni chai.

#5 Kobelo
Walipelekwa kuchimba mbolea ya ndege kule visiwani mwa Peru, nakumbuka mwalimu mmoja alitufundisha.

#6 Mjukuu wa Pangani
Wengi waliishia kwenye mashamba makubwa na kufanya kazi za majumbani kwa matajiri. Guano ndiyo inayotajwa sana kwa sababu inatisha zaidi.

#7 Kichwa Ngumu
@Mjukuu wa Pangani nakupa saluti kwa takwimu, lakini umeruka swali. Roggeveen alifika 1722, miaka 140 kabla ya hao Waperu, na alikuta kisiwa hakina miti mirefu. Peru haikuja na shoka mwaka 1600. Nani alikata?

#8 Mwana Lindi
Panya.

Msicheke. Wapolinesia, watu wa visiwa vya Pasifiki waliokuja kukaa kisiwani, walisafiri na panya wao mdogo, aidha kwa kujificha chomboni au kwa makusudi kwa sababu walikuwa wanamla. Akifika mahali pasipo na nyoka wala paka anazaana balaa. Kwenye mapango ya Rapa Nui zimepatikana mbegu za ile michikichi zimetafunwa, alama za meno zinaonekana. Mti wenyewe wa aina ile unakua polepole mno, jamaa yake yule wa Chile anachukua miongo kadhaa kabla ya kuzaa. Panya akila mbegu, mti mzee unakufa bila mrithi na hakuna aliyeinua tezo.

Waliokulia kwenye minazi wananielewa. Shamba la babu yangu lilikuwa na minazi iliyovikwa bati shinani na michache isiyo na bati. Ile isiyo na bati ukipita asubuhi unaokota vidaka na madafu yana tundu la duara karibu na kikonyo, kingo zimelainishwa kama zimepigwa msasa, ukitikisa hakuna maji. Mnazi mmoja mmoja huo, na paka wapo, bundi wapo, babu mwenyewe yupo na manati. Sasa kisiwa kizima hakina adui wa panya hata mmoja!

#9 Daktari wa Mchongo
Mwana Lindi umeupiga mwingi ila panya hawawashi moto. Waliochimba kule rasi ya Poike wamekuta mashina yaliyoungua na tabaka la mkaa ardhini. Mtu ndiye aliyekata na kuchoma. Halafu New Zealand panya huyohuyo alifika na Wamaori, msitu ukabaki sehemu nyingi.

Ninachokubali ni hiki: walikata kufungua mashamba, kama anavyofanya mkulima yeyote duniani. Habari ya kwamba magogo yote yaliishia chini ya sanamu ni nyongeza ya wasimuliaji. Mwandishi wa Kimarekani Jared Diamond aliisambaza sana kwa kitabu chake cha mwaka 2005 kama onyo la mazingira, ikanoga, sasa kila mtu anairudia.

#10 Kichwa Ngumu
Kwa hiyo mmeshakubali kwamba walikata. Endeleeni tu, mnakuja wenyewe.

#11 Bint Shangani
Walikata, halafu wakafanya nini? Hapo ndipo pananivutia mimi, nimesomea kilimo.

Kisiwa hakina mto. Udongo wake umechoka, upepo wa chumvi unapiga pande zote. Walichofanya ni kuvunja mawe ya volkano na kuyatandaza shambani, mengine ya ukubwa wa ngumi, mengine makubwa zaidi, wakapanda katikati yake. Jiwe linapunguza upepo, linashika unyevu, usiku linaachia joto la mchana, na likimomonyoka linatoa madini. Humo walilima viazi vitamu hasa, na magimbi na viazi vikuu. Ndizi na miwa walizungushia kuta za mawe za duara ili upepo usizifikie. Kuku walijengewa mabanda ya mawe, kwa sababu ndiye mfugo pekee aliyefika: hawakuwa na nguruwe wala mbwa.

Mwaka 2024 watafiti walitumia picha za setilaiti kupima eneo la hizo bustani za mawe wakapata chini ya kilomita moja ya mraba, 0.76. Wanasema hiyo ingelisha kama watu 3,000. Wale wa hadithi ya anguko wanasema walikuwa 15,000 au zaidi kabla ya kuporomoka. Kama hawakuwahi kufika huko, hawakuwa na pa kuporomokea.

Mtu anayekusanya mawe kwa mikono mwaka baada ya mwaka ili kiazi kimoja kipate kivuli cha upepo, mimi simuiti mpumbavu.

#12 Daktari wa Mchongo
@Bint Shangani heshima dada. Ila setilaiti inaona mashamba ya leo yaliyobaki. Kondoo walitembea juu ya kisiwa kile karibu karne nzima, na viazi vinaweza kulimwa pia pasipotandazwa mawe. Hiyo 3,000 ni makadirio ya njia moja, wenzao wanabisha.

Na vita vilikuwepo. Kuna vipande vya kioo cha volkano maelfu kwa maelfu, vinaitwa mata'a. Silaha hizo.

#13 Mjukuu wa Pangani
Mata'a zilipimwa umbo mwaka 2016, zikaonekana hazina umbo la kuchomea mtu, zimekaa ovyo ovyo tu. Visu vya kumenyea na kukwangulia. Ukimkata nacho mtu ataumia, lakini hata panga la kufyekea linaumiza.

#14 Daktari wa Mchongo
Na sanamu ziliangushwa na kisu cha kumenyea? Roggeveen alizikuta zimesimama na watu wanaziwashia moto mbele yake. Nahodha Mwingereza James Cook mwaka 1774 akakuta baadhi ziko chini. Kufikia miaka ya 1860 hakuna iliyobaki imesimama juu ya jukwaa lake. Wenyewe wanasimulia ugomvi wa koo, ukishinda unaangusha babu wa mwenzako kifudifudi. Kama si vita ni nini, usafi wa mazingira?

#15 Mama Mwali
Yawezekana matetemeko. Yawezekana waliacha kuziamini baada ya kuona meli kubwa zenye mizinga. Roggeveen siku ya kwanza ya kushuka pwani watu wake walifyatua risasi wakaua wenyeji kadhaa ufukweni. Ningekuwa mimi, nikiona babu wa jiwe ametazama tu bila kufanya kitu, ningemlaza mwenyewe.

#16 Kobelo
😂😂 Mama Mwali hana mchezo na mizimu.

#17 Fundi Nondo
Tuache vita, tuje kwenye kazi. Walizihamishaje? Machimbo ni mamoja tu kwa karibu zote, mlima Rano Raraku, jiwe lake ni jivu la volkano lililoganda. Kutoka pale nyingine zilienda zaidi ya kilomita 10.

Jibu langu: zilitembea. Wamarekani wawili, Terry Hunt na Carl Lipo, walitengeneza moai ya zege ya tani 4 na zaidi, wakaifunga kamba 3, watu 18. Kamba mbili za pembeni zinavuta kwa zamu, ya nyuma inazuia isilale kifudifudi. Ikatingishika kushoto, kulia, kushoto, kulia, ikaenda mita 100 kwa dakika 40. Kabla yao Mcheki Pavel Pavel alifanya jambo kama hilo kwa sanamu halisi mwaka 1986. Na wazee wa kisiwa tangu zamani walisema moai zilitembea zenyewe kwa mana, yaani nguvu za wakubwa wao. Wageni walicheka.

Aliyewahi kuhamisha friji peke yake kwenye korido anajua kwamba hulibebi, unalitembeza kona kwa kona. Mimi nilitembeza tangi la chuma la maji namna hiyohiyo na vijana watatu, mwenye nyumba alikuwa ameshaita kreni. Siri iko kwenye tako la kitu. Moai zilizoachwa njiani zina tako pana lililopinda mbele kama herufi D, na zimeinama mbele kidogo, ukiisimamisha tu inataka kuondoka. Zikifika kwenye jukwaa ndipo wanachonga tako upya zisimame wima, na ndipo wanachonga matundu ya macho. Ukikuta yenye tundu la jicho, ujue ilifika.

#18 Kichwa Ngumu
Fundi, tani 4 sawa. Ile inayoitwa Paro ni mita 10 na tani kama 80. Nayo utaitembeza na vijana watatu?

#19 Fundi Nondo
Nipe kamba ndefu, watu wengi na ugali.

#20 Daktari wa Mchongo
Jo Anne Van Tilburg, ambaye amekaa na moai maisha yake yote ya kazi, anasema walizilaza kwenye fremu ya magogo wakazitelezesha juu ya mbao, na alijaribu pia, ikawezekana. Barabara za kule zina miinuko. Jiwe lile ni laini, ukilitingisha kilomita 10 tako linalika. Kwa hiyo usifunge kesi.

Ila ona: kama zilitembea kwa kamba, miti haikuhitajika kihivyo, hoja ya mtoa mada inakufa. Kama zililala kwenye magogo, inapumua. Ndiyo maana huu ugomvi wa mafundi una moto kuliko unavyostahili.

#21 Zuberi Mwamba
Mbona hakuna anayetaja viumbe wa anga?

#22 Mama Mwali
Wewe nenda kwenye uzi wa piramidi, Kichwa Ngumu alishakutengenezea njia.

#23 Baharia Mstaafu
Assalaam alaykum wanajukwaa. Mimi kisiwa chenyewe sijakanyaga, lakini nimefanya kazi meli moja na kijana wa kule, tulipanda pamoja bandari ya Valparaíso, Chile. Ukimwita Mchile anakunja uso. Alinisimulia habari ya kusainiwa kwa mkataba tarehe 9 Septemba 1888, wakati nahodha Policarpo Toro alipokuja kukichukua kisiwa kwa niaba ya Chile. Mfalme wao Atamu Tekena aliinama akang'oa majani yenye udongo. Majani akampa yule Mchile, udongo akautia mfukoni mwake. Yaani: tumieni yaliyo juu, ardhi ni yetu. Yule kijana alinionyesha kwa mkono kabisa, akainama pale sitaha, akafanya kama anatia mfukoni.

Chile ilielewa vingine. Kisiwa kikakodishwa kuwa ranchi ya kondoo, makumi ya maelfu ya kondoo, kampuni ya Kiingereza ikakishika mpaka 1953. Wenyeji wakazungushiwa ukuta pale kijiji cha Hanga Roa, kutoka nje ni kwa ruhusa. Ilipoondoka kampuni likaja jeshi la wanamaji. Uraia kamili wamepata 1966. Hebu pigeni hesabu, sisi tulikuwa tumeshapata uhuru na Muungano juu.

#24 Bint Shangani
Mzee umenikumbusha bibi Angata. Mwaka 1914, mwanamke mzee, katekista, aliota Mungu amemwambia kondoo ni mali ya wenyeji na waende wakachinje wale. Wakaenda. Mama mmoja wa Kiingereza, Katherine Routledge, alikuwa kisiwani wakati huo akihoji wazee, akaandika yaliyotokea. Manowari ya Chile ilipokuja ilikamata wachache tu, na hata hao karibu wote wakaachiwa.

#25 Mama Mwali
Huyo bibi ndiye aliyestahili sanamu.

#26 Kijana wa Mafia
Nimesoma uzi wote. Swali la pembeni: ni kweli hawa watu ni ndugu wa watu wa Bukini? Nimesikia ngalawa zetu zilitokana nao.

#27 Mjukuu wa Pangani
Undugu upo ila si wa jirani. Kirapanui na Kimalagasi ni lugha za familia moja iliyoanzia upande wa Taiwan. Tawi moja lilivuka Bahari ya Hindi likafika Madagascar, jingine likaenda Pasifiki mpaka ikaisha. Hesabu zao: mbili Madagascar ni roa, Rapa Nui ni rua, tatu ni telo na toru. Ukitazama ramani ni zaidi ya nusu ya mzunguko wa dunia, kwa tanga.

Ngalawa: wataalamu wengi wanaona matengo yake, yale mabao ya pembeni, ni ufundi uliotoka Asia ya Kusini Mashariki. Ila Wapolinesia wanaweka tengo upande mmoja au wanaunganisha mitumbwi miwili. Sisi tunaweka pande zote mbili. Kwa hiyo chombo chetu kina undugu wa karibu zaidi na Indonesia kuliko Rapa Nui.

#28 Zuberi Mwamba
Kwani hawakutoka Amerika ya Kusini? Yule Mnorwe alivuka na jahazi la magogo kuthibitisha.

#29 Mjukuu wa Pangani
Thor Heyerdahl, 1947. Alithibitisha kwamba inawezekana kuelea kutoka Peru hadi Polinesia. Kuwezekana na kutokea ni vitu viwili. Lugha, kuku, magimbi, mahekaya ya mfalme Hotu Matu'a aliyeshuka pwani ya Anakena, vyote vinaelekeza magharibi. Walifika kwenye karne ya 12 au 13 hivi.

#30 Daktari wa Mchongo
Lakini Heyerdahl hakupigwa nakauti. Kiazi kitamu asili yake ni Amerika. Na mwaka 2024 ulitoka uchunguzi wa vinasaba vya Warapanui 15 wa zamani, mabaki yao yako kwenye makumbusho ya Paris: karibu asilimia 10 ya asili yao ni ya Wahindi wa Amerika, na mchanganyiko ulitokea kati ya 1250 na 1430, kabla Columbus hajazaliwa. Uwezekano mkubwa ni Wapolinesia walioenda Amerika wakarudi. Au Waamerika ndio waliokuja. Wengine wanasema mkutano ulikuwa kwenye visiwa vingine vya mashariki ya Polinesia kabla ya Rapa Nui, na kuna wanaosema kiazi kilielea chenyewe baharini maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote. Chagua kambi.

Uchunguzi huohuo haukuona dalili ya watu kuporomoka miaka ya 1600. Unaonyesha wanaongezeka taratibu mpaka miaka ya 1860. Mtoa mada upo?

#31 Kichwa Ngumu
Nipo. Watu 15 ndio wameamua historia ya kisiwa? Hata kura za maoni za serikali ya mtaa zinataka zaidi ya hapo.

#32 Daktari wa Mchongo
Kila mtu mmoja amebeba mababu wake wote, mkuu. Ndiyo maana wachache wanatosha kuonyesha kama idadi iliwahi kubanwa sana. Mbona povu?

#33 Mkilifi
Wazee hamjambo, nasoma kutoka Kilifi. Mmeongea sayansi sana, mimi naona jambo lingine. Moai si sanamu ya pambo. Ni babu, amesimama juu ya jukwaa la mawe ambalo ndani yake au karibu yake wamezikwa watu, amegeukia kijiji analinda watu wake, ameipa bahari mgongo. Macho yake yalikuwa ya matumbawe meupe na mboni ya jiwe. Jicho moja zima lilipatikana Anakena 1978, kabla ya hapo watu walidhani hayakuwa na kitu.

Kwetu Wamijikenda tuna vigango. Mti uliochongwa kwa ajili ya mzee wa gohu (chama cha wazee) aliyefariki, ukishasimikwa hausogezwi. Viliibwa usiku vikauzwa kwa watalii, vikaishia Marekani kwenye makabati ya vioo. Makumbusho ya Denver yalikubali mwaka 2014 kurudisha vigango 30. Wenye nyumba zao walikuwa wameshapata balaa, na wanajua kwa nini.

Sasa ile moai iitwayo Hoa Hakananai'a. Novemba 1868 mabaharia wa manowari ya Kiingereza Topaze waliing'oa ndani ya nyumba ya mawe pale Orongo, wakampa Malkia Victoria, naye akawapa makumbusho ya London. Ipo mpaka leo. Mwaka 2018 Warapanui walikwenda London kuiomba, gavana wao alizungumza huku analia. Makumbusho ya Santiago, Chile, wao walirudisha moja 2022, ilichukuliwa 1870. London bado "wanazungumza".

#34 Mjukuu wa Pangani
Umegusa penyewe ndugu. Fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga 1954. Mjusi wa Tendaguru bado amesimama Berlin.

#35 Zuberi Mwamba
Lakini London imeona watu mamilioni. Kisiwani nani angeiona?

#36 Mkilifi
Wajukuu zake.

#37 Mwana Lindi
Kuna nadharia ya kwa nini majukwaa yako pale yalipo, haijatajwa. Kisiwa hakina mto, lakini maji baridi yanavuja pwani bahari ikikupwa, maji ya mvua yaliyopita chini ya miamba. Wachunguzi mwaka 2019 waliona majukwaa mengi yako karibu na hizo chemchemi. Huenda babu wa jiwe alikuwa anasema "kisima hiki ni cha ukoo fulani".

#38 Bint Shangani
Au watu waliishi penye maji, na majukwaa yakajengwa wanapoishi watu. Hiyo haikuhitaji utafiti.

#39 Kobelo
Yale maandishi mliyotaja juu huko yanasemaje?

#40 Mjukuu wa Pangani
Hakuna ajuaye. Yanaitwa rongorongo, yamechorwa kwenye mbao, vimebaki vipande kama dazeni mbili na vyote viko nje ya kisiwa. Msomaji anaanza chini kushoto, akimaliza mstari anageuza ubao juu chini anaendelea. Mmisionari Eugène Eyraud alikuta mbao hizo nyumba nyingi mwaka 1864, muda mfupi baadaye zilikuwa adimu. Wanaojua kusoma walikuwa wamezikwa Peru.

Ugomvi: Wahispania walipokuja 1770 waliwatia machifu saini kwenye hati ya kujitwalia kisiwa. Wengine wanasema hapo ndipo wenyeji walipata wazo la kuandika. Lakini ubao mmoja ulioko Roma ulipimwa 2024, mti wake ulikatwa karne ya 15. Mti ulikatwa, maandishi yaliandikwa lini ni swali jingine, mbao inaweza kukaa sana kabla ya kuchorwa.

#41 Mama Mwali
Mnaijua ile ya ndege? Baada ya mambo ya moai kupungua, uongozi ulitafutwa kwa yai. Kila mwaka machifu wanateua vijana, wanashuka jabali la Rano Kau, wanaogelea na tita la matete zaidi ya kilomita moja hadi kisiwa kidogo Motu Nui, papa wapo. Wanakaa huko mpaka manutara, ndege wa baharini, atage. Anayepata yai la kwanza anajifunga nalo kwenye paji la uso, anaogelea kurudi, anapanda jabali bila kulivunja. Na cheo cha tangata manu, mtu-ndege wa mwaka, anapewa bosi wake.

#42 Fundi Nondo
Anayekumbana na papa ni mwingine, anayekata utepe ni mwingine. Naifahamu hiyo kazi.

#43 Kijana wa Mafia
Mchezo huo upo hadi leo? Nauli inakuwaje?

#44 Baharia Mstaafu
Wa yai uliisha miaka ya 1860. Ila Februari kuna Tapati, vijana wanateremka mlima mkali wamelalia migomba miwili iliyofungwa pamoja, wanaita haka pei. Yule mwenzangu alikuwa na kovu la kiwiko la mwaka aliojaribu. Ndege inatoka Santiago, saa 5 na zaidi, na mgeni haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 30. Nauli uliza mawakala, na ukae kwanza.

#45 Kichwa Ngumu
Nimewasikia wote. Lakini hakuna aliyenijibu hili: pale Rano Raraku kuna moai karibu 400 zimebaki. Nyingine nusu zimechongwa, moja ina mita 21 bado imeshikana na mlima. Kama hakukuwa na anguko, kwa nini watu waliweka nyundo chini wakaondoka?

#46 Daktari wa Mchongo
Swali zuri kuliko la mti. Wengine wanasema ile ya mita 21 haikukusudiwa kuondoka. Na Van Tilburg na wenzake walipima udongo wa machimbo wakakuta una rutuba kuliko sehemu nyingi za kisiwa, na mabaki ya ndizi, magimbi na viazi vitamu. Inawezekana nyingi ziliwekwa pale zibaki pale, zibariki shamba.

#47 Fundi Nondo
Au walikutana na jiwe gumu ndani ya jiwe laini, wakaacha wakaanza jingine. Mimi nimewahi kuacha kisima cha futi 30 kwa sababu hiyohiyo na hakuna aliyesema ukoo wetu umeanguka.

#48 Kichwa Ngumu
Mia nne, fundi. Uliacha visima mia nne?

#49 Fundi Nondo
Nipe muda, bado kijana.